Goli Alilolingoja Baba

Mdogo wangu ni mchezaji wa mpira wa kulipwa ng'ambo. Nimeanza na hilo kwa sababu baba humwanzia nalo kila mgeni, hata kabla hajamwonyesha pa kukaa. Mimi, mtoto wake wa kwanza, msusi mwenye saluni yangu na wateja wa kupanga foleni, hutajwa mwishoni, chai ikishapoa: "Na huyu ni dada yake."

Baba ni fundi bomba mstaafu. Alimpachika mwanawe jina la Kiboko ya Makipa akiwa na miaka tisa, na jina lilimvimbisha kichwa kuliko magoli yenyewe. Alipopata timu ng'ambo, mtaa mzima ulimsindikiza. Timu ilikuwa ya daraja la pili, katika mji ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, una mnara mmoja na ukungu mwingi. Baba hakuuliza daraja. Ng'ambo ni ng'ambo.

Miaka mitatu ikapita, uwanjani hatujamwona. Picha zilikuja, tena kwa wingi: Kiboko kaegemea gari la mtu, Kiboko kavaa miwani ya jua ndani ya ukungu. Kila Jumamosi baba alikaa mbele ya runinga, pua inakaribia kugusa kioo, maana presha ya macho ilikuwa imeshamwachia vivuli vya kijani tu. "Nikipata goli lake moja," alikuwa akisema, "hata vivuli hivi vikizima, sitalalamika." Niliyasikia maneno hayo mara nyingi, na kila mara yaliniuma.

Siku moja nikambana mdogo wangu kwa simu. "Wewe, huko hasa unafanya kazi gani?"

"Dada, si niko kwenye timu?"

"Kwenye timu au karibu na timu?"

Ndipo akafunguka. Kazi yake ilikuwa kuigiza. Kila wiki kocha alimpa video za mshambuliaji wa timu watakayokutana nayo, naye mazoezini anavaa kizibao cha rangi ya machungwa na kucheza kama mtu yule. Mwenzake akipenda mguu wa kushoto, naye wa kushoto. Mwenzake akijiangusha ovyo, naye anajiangusha. Mabeki wao walijifunzia kwake. Miaka mitatu amekuwa kila adui wa ligi nzima, ila yeye mwenyewe hajapata zamu.

Na magoli? Amefunga mengi, alinijibu kwa fahari, yote dhidi ya kipa wa timu yake, anayeishi naye nyumba moja. "Yule namjua, dada. Kona ikipigwa nguzo ya karibu, miguu inaganda. Namfunga hata nikifumba macho."

"Hongera. Sasa mwambie baba."

"Usithubutu!"

Mkataba wake ulikuwa unakwisha pamoja na msimu. Siku ya mechi ya mwisho, washambuliaji wawili wakiwa majeruhi, alinipigia asubuhi. "Leo niko benchi, dada. Tukifungwa tunashuka daraja. Nikifunga mimi, wananiongeza mkataba. Mwambie baba asibanduke kwenye runinga."

Sebule ikajaa. Fundi cherehani wa jirani alikuja na kiti chake, muuza nyama akaja na aproni yake. Dakika ya themanini, bila kwa bila, Kiboko akaingia. Baba alimsikia mtangazaji akitaja jina letu la ukoo kwa kulivunjavunja, akasimama, na hakukaa tena.

Dakika ya themanini na saba wapinzani wakapata kona. Mdogo wangu alirudi nyuma kusaidia, kama alivyoagizwa. Mpira ukaja nguzo ya karibu. Mazoea yana taabu, walisema wahenga, na wala hawakuwa na runinga. Nilimwona akiwachomoka mabeki wake mwenyewe, akaruka, nikajua kabla mpira haujamfikia. Alipiga kichwa kizuri, kizuri mno. Kipa wao, yule anayeishi naye, aliganda pale pale. Na mjinga wetu akakimbilia kibendera cha kona, mikono juu, anarusha mabusu, hatua kumi nzima kabla ya kugundua kuwa anakimbia peke yake.

Sebuleni mtangazaji alipiga ukelele wa goli kwa lugha ya huko, likafuata jina letu.

"Kafunga!" Baba akarusha fimbo. "Mwanangu kafunga!" Akamkumbatia muuza nyama, akalia kwenye aproni. Muuza nyama akanitazama juu ya kichwa cha mzee. Miaka yote nilikuwa nikiutafuta mwanya wa kumsema mtoto yule, na huu hapa.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Kafunga."

Fundi cherehani akakohoa, akaongeza kuwa lilikuwa la kichwa, nguzo ya karibu. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukanyamaza, na mtaa wetu haujawahi kunyamazia jambo lolote, hata la msiba.

Mkataba haukuongezwa. Mwezi uliopita alirudi na sanduku moja na koti zito lisilo na kazi huku kwetu. Baba akaita wageni, akamkalisha katikati.

"Hebu waeleze lile goli."

Mdogo wangu akanitazama. Nikajifanya namimina chai. Basi akaeleza: mpira ulivyopinda, alivyowachomoka mabeki, alivyojua mapema kwamba kipa ataganda. Hakuongeza hata neno la uongo.

"Na yule kipa," baba akauliza, "alisemaje?"

"Alilia, baba. Timu yake ilishuka daraja. Mpaka leo hasemi na mimi."

Baba akapiga paja, akacheka mpaka akapaliwa. "Ndiyo kazi hiyo! Usimwonee huruma, mwanangu. Adui ni adui."

Mdogo wangu akainamia kikombe chake. "Ndiyo, baba," akasema.