Kipimo cha Mita Mia Sita

Siandiki haya ili nikutishe. Nayaandika kwa sababu yalitokea, nilikuwepo, na sehemu yake bado imo kwenye kumbukumbu za kazi yetu. Ukimaliza kusoma ukaniita mwongo, sitagombana nawe. Nakuomba tu usome hadi mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi wetu ulipima joto la maji ya Ziwa Tanganyika katika kina mbalimbali na kutuma vipimo papo hapo kwa kompyuta kubwa iliyoko nchi ya mbali, ile aina inayojaza ukumbi mzima. Ndani yake kuna ziwa la mahesabu, nakala ya hili letu. Ikipokea namba zetu inalinganisha maziwa hayo mawili, inakadiria upepo wa kusini utaamka saa ngapi, kisha inajibu. Jibu lilitoka kwenye kompyuta yetu ndogo na kwenye taa ya boya letu, kama kilometa mbili kutoka ufukwe wa Mwamgongo. Kijani, endeleeni kupima. Nyekundu, rudini. Ikikaa nusu saa bila kupata namba, taa huwa nyekundu yenyewe.

Siku hiyo, mwezi wa saba, tulikuwa watatu. Neema, mtaalamu wa maji, na Mzee Hamisi, mwendesha boti, walikwenda kwenye boya na kamba ya vipimo ya mita mia mbili. Mimi nilibaki kijijini, kwenye chumba cha kupanga kando ya vichanja vya dagaa, na kompyuta ndogo na redio ya mkononi. Wao wasome namba, mimi niandike na kutuma.

"Hiyo kompyuta yenu imewahi kuogelea?" Mzee Hamisi aliuliza wakati anawasha injini.

"Haihitaji kuogelea, mzee. Inajua."

"Haya. Mimi naogelea, na sijui."

Neema akacheka, wakaondoka. Ilikuwa saa nane mchana, ziwa limetulia kabisa.

Walipofika redio ilisema neno moja, "Tumefika," kisha ikanyamaza. Niliita mara tano. Kimya. Sikuwa na hofu, kwa sababu taa ilikuwapo. Nusu saa ikipita watarudi wenyewe.

Hapo nikasikia hodi. Nilikuwa nimeupa mlango kisogo. Nilipogeuka, mama mmoja wa makamo alikuwa ameshasimama ndani, kitenge kimefungwa vizuri, mikono mitupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Bale ba kwenye boti banasema redio imekufa. Banasema uandike: mita hamsini, ishirini na tano na nusu. Mita mia, ishirini na nne."

Lafudhi yake ilikuwa ya ng'ambo, ya Kongo, kama ya watu wengi wa ufukwe huu. Sasa wewe ungemuuliza nini? Huku kwetu boti inayopita hubeba kila kitu: barua, dawa, kuku, salamu za msiba. Anayekuletea ujumbe humuulizi jina wala ushahidi kwamba ametumwa. Ni kumtukana. Unamuuliza habari za safari, unamshukuru, anakwenda zake. Nami nilifanya hivyohivyo. Nikaandika, nikatuma. Baada ya dakika nne jibu likaja: kijani.

Alirudi mara ya pili na namba za mita mia na hamsini, na za mita mia mbili. Kijani. Niliona namba zake zinakaa sawasawa na makadirio ya kompyuta kuliko zetu za siku zote, na niamini, nilifurahi. Nilidhani siku hiyo tumefanya kazi safi.

Mara ya tatu ilikuwa inakaribia saa kumi.

"Mita mia sita," alisema. "Ishirini na tatu na robo."

Niliandika. Nilibonyeza kutuma. Ndipo kichwa kikafanya kazi.

"Mama, kamba yetu ni ya mita mia mbili."

Hakushtuka. Alitazama kioo cha kompyuta yangu kama mtu anayesubiri chai ichemke.

"Kwani mashine imekataa?"

Nikageuka kutazama. Haikuwa imekataa. Kijani, bila hata kungoja zile dakika nne. Nilipomgeukia tena, hakuwepo.

Nilitoka nje. Mama Asha, jirani, alikuwa anageuza dagaa wake hatua kumi kutoka mlangoni pangu, na alikuwepo hapo tangu mchana. Nikamuuliza yule mama ametoka boti gani.

"Boti? Mimi nilijua ni mwenzako wa kazini. Nimemwona akitoka humo mwako mara tatu."

"Na kuingia?"

Alifikiri kidogo, samaki mkononi. "Kuingia sijamwona."

Nilitazama majini. Hakuna boti iliyokuwa imevutwa ufukweni isipokuwa mitumbwi ya pale pale, mikavu. Nikaelewa jambo moja tu, nalo lilinitosha: kama namba si za Neema, basi ile taa inawazuia watu wawili ziwani kwa maneno niliyoyaandika mimi.

Nilirudi ndani nikafuta mistari yote mitano. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Nikakubali. Ikakaa dakika nne, na sijawahi kuishi dakika ndefu kama hizo, halafu ikajibu: nyekundu.

Walifika ufukweni mawimbi yakiwa yameshaanza kuvunjika kwenye mawe. Mzee Hamisi alikuwa anakumba maji kwa kopo. Neema aliruka, akanijia akifoka.

"Kaka, ulikuwa unatuma nini? Redio ilikufa, kamba ikanasa. Hatujapima hata mara moja! Saa mbili nzima tunatazama kijani, tunasema huyu wa nchi kavu ana sababu zake."

"Mlimtuma mama mmoja?"

"Tumtume nani? Hatukuona hata mtumbwi."

 Mzee Hamisi alimalizia kukumba maji, akavuta boti juu zaidi ya kawaida. Hatukumaliza hata kukunja kamba, upepo wa kusini ukapiga. Ulichukua paa la shule na vichanja vya Mama Asha. Boya lilikatika, hatukuliona tena.

Ungetegemea yaishie hapo. Boya jipya lilifungwa. Mistari ya siku ile niliyoifuta haikurudi. Lakini ziwa la mahesabu lilikuwa limeshazimeza zile namba, na siku nyingine, kabla hatujashusha chochote, unakuta mstari umejaa: mita mia sita, ishirini na tatu na robo, mwandikaji mimi. Mara ya mwisho nilikuwa Ujiji, kwenye harusi ya dada yangu, mbele ya watu. Wahandisi wanasema ni hitilafu. Nimebadilisha nywila mara nyingi, kisha nikaomba kuacha kazi hiyo. Neema bado yupo. Mzee Hamisi bado anampeleka, ila wamekubaliana kitu: taa ikiwa kijani kabla hawajapima, wanageuza boti hapohapo.

Kwa hiyo nawe, ukiwa umekaa mahali pakavu na kuna watu nje wanaokutegemea, na mtu akakuletea habari zao, muulize ametoka wapi. Akikasirika, akasirike. Toka naye hadi mlangoni, umtazame anavyoondoka.