Maiti wa Brodowiec Hapiti Jesionek

Marcjanna Drozd alizaliwa Brodowiec, akaolewa Brodowiec, na kwa miaka arobaini aliendesha kivuko cha Brodowiec pamoja na mumewe Ksawery, kila mmoja akivuta upande wake waya uliofungwa kukatiza mto. Makaburi yako ng'ambo. Zamani hayakuwa huko. Mto Wisła ndio uliohama enzi za mababu, barafu ilipokatika mwisho wa kipupwe na kuziba njia ya maji. Ukajichimbia njia mpya kati ya watu na wafu wao. Tangu hapo wafu wa Brodowiec huvushwa. Katikati ya mto kivuko husimama, kofia huvuliwa, Baba Yetu husaliwa, ili marehemu aagane na pande zote mbili. Ndivyo alivyovushwa mama yake, ndivyo alivyovushwa kifungua mimba wake, na siku hiyo waya aliuvuta mwenyewe.

Ukitaka kumwona Marcjanna akipandwa na mori, mtajie Jesionek, mji wa jirani ulio juu kidogo mtoni. Watu wa Brodowiec walipomwasi mfalme wa Urusi, aliyetawala huko wakati ule, aliwanyang'anya hadhi ya mji wakabaki kuitwa kijiji kwa miaka mingi. Wale wa Jesionek, waliojifungia ndani na kufyata mkia, wakapewa mahakama, kisha reli, kisha daraja. Ni mambo ya zaidi ya miaka mia moja, lakini Brodowiec hasira hurithiwa kama shamba. Ksawery aliapa ujanani kwamba hatatia mguu Jesionek, na hakutia. Hata jino lilipomsumbua alikwenda kuling'oa mji wa mbali, shavu limemvimba njia nzima.

Sasa sikia uungwana wa baraza la Brodowiec lenyewe. Walisema daraja la Jesionek linatosha, kivuko ni hasara. Wakakipandisha kwa kreni hadi uwanja wa soko, wakakitoboa matundu chini ili maji yasituame, wakakijaza udongo na kupanda maua ya petunia. Ubavuni wakabandika kibao: Ksawery Drozd, mvushaji wa mwisho. Jina la Marcjanna halikuwamo, kana kwamba mikono yake miaka yote ile ilikuwa ikivuta hewa. Walimpigia mzee makofi, wakamlisha keki. Alirudi nyumbani akakaa dirishani siku mbili. Hiyo ni haki? Unamnyang'anya mtu kazi yake, halafu unaipandia maua mbele ya macho yake na kutaka akushukuru.

Mwezi wa Novemba Ksawery akafariki. Meya, Bogumił Sadlok, alikuja mwenyewe kutoa pole, viatu vimeng'arishwa, akiwa na habari njema mfukoni: baraza litatoa gari la maiti bila malipo, litapita darajani. Marcjanna alimwacha amalize, na chai akamwongeza.

"Ni nusu saa tu, Bibi Drozd," meya alisema.

"Nusu saa ndani ya Jesionek, tena amelala chali, hawezi hata kutema mate dirishani. Hapana, Bwana Meya. Mume wangu atapita alikopita mama yangu."

Meya alidhani ni uchungu wa mjane, utapoa. Hakumjua. Marcjanna alimwendea Lucjan, mtoto wa kaka yake, mvuvi mwenye mashua ya chini bapa inayosukumwa kwa upondo, na Lucjan hakuuliza swali. Asubuhi ya mazishi nusu ya Brodowiec ilikuwa ukingoni na mishumaa yao, na jeneza limekwisha kuwekwa mashuani, meya alipofika akihema. Mashua ile, alisema, haina kibali cha kubeba abiria.

"Abiria gani?" Marcjanna aliuliza. "Abiria hushuka kwa miguu yake. Huyu wewe mwenyewe umemtilia saini kwamba amekufa."

Watu wakacheka, mazishini hivyo hivyo. Meya akakuna shingo, akakubali nusu: marehemu na avuke, maana kisheria ni mzigo, na Lucjan ni mwenye chombo. Lakini waombolezaji wote, mjane akiwemo, wapande basi wapite darajani. Kicheko kikakatika. Marcjanna akamtazama yule mtu kuanzia viatu hadi kofia.

"Mlikichukua kivuko chake mkakifanya chungu cha maua," alisema, wala hakupaza sauti. "Mimi mkanifuta kama vumbi. Leo mnataka avuke bila mkewe. Lucjan, mwanangu, shuka."

"Shangazi, mto una nguvu leo."

"Niliujua kabla wewe hujaota meno. Shuka."

Lucjan akashuka. Marcjanna akakunja sketi yake nyeusi, akaingia, akaushika upondo na kusimama miguuni pa jeneza, akingoja wa kumgusa. Hakutokea. Meya angeweza kuita polisi, na kila mtu alijua. Badala yake alivua kofia, akasogea hadi maji yakamlowesha vile viatu vyake, akasema kwa sauti ya chini:

"Haya, Bibi Drozd, mvushe mzee. Lakini kurudi utarudi na nani?"

Maisha yake yote ya ndoa, kila alipovuka, alirudi na Ksawery. Akaukita upondo kwenye matope, mashua ikaachana na ukingo, na hapo ndipo alipoanza kulia.