Kuruka kwa Makofi

Bwawa tulilofanyia mazoezi lilikuwa la hoteli, na hoteli ilitupokea saa kumi na mbili asubuhi, kabla wageni hawajaamka. Mwezi wa saba hapa Lubumbashi maji ya baridi huchoma kama sindano. Umeme ukikatika, pampu ya kusafisha maji ilinyamaza, na umeme ulikatika karibu kila siku. Maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Ukisimama ukingoni, huoni hata kichwa cha mwenzako mpaka kitokeze juu kuvuta pumzi.

Kwa sababu hiyo Kocha alibuni utaratibu wake. Katika mbio za kupokezana za mitindo minne, wa kwanza anaogelea kwa mgongo, wa pili kwa kifua, wa tatu, yaani mimi, kwa kipepeo, wa nne anavyotaka. Anayengoja haruhusiwi kuondoa miguu kabla mwenzake hajagusa ukuta. Sisi ukuta hatukuuona. Basi Kocha alichuchumaa pembeni, pua yake karibu na maji, na mkono ulipogusa alipiga kofi moja. Ukisikia kofi, unaruka.

"Macho njo inadanganya," alituambia kwa Kiswahili chetu, ambamo "njo" ni "ndiyo". "Sikio haidanganye."

Nilimdharau. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo shuleni, na kwa miaka miwili sikuona hata soksi yake ikilowa. Mimi nilijifunza kwa simu. Nilitazama kipepeo cha mabingwa, nikasimamisha picha, nikairudisha nyuma, nikalala kifudifudi kwenye benchi nyumbani nikizungusha mikono hadi mabega yakafa ganzi. "Weye, unaruka kwenda wapi na ile benchi?" dada yangu aliuliza, akacheka mpaka akakaa chini. Sikucheka. Nilijua pembe ya kiwiko. Nilijua pia kwamba hakuna popote duniani ambapo mwogeleaji anangoja kofi. Anatazama mikono inayokuja, anakadiria, anaruka. Nilimwambia Kocha hivyo, mbele ya wote.

"Mutoto," alinijibu, "bale ba mu telefone, mayi yabo iko mweupe. Weye oga mu mayi yako."

Wenzangu walipiga vigelegele kusikia kwamba watu wa kwenye simu wana maji meupe, na mimi niogelee katika yangu. Niliwadharau pia. Wa mgongo aligonga kichwa ukutani kila wiki kwa sababu hakutaka kuhesabu mapigo ya mikono yake. Wa nne alijali nywele zake kuliko maji. Na wa kifua, tuliyemwita yaya kwa sababu alitupita wote kwa umri, aliuza vifuniko vya simu sokoni na kutuletea vitumbua vya moto katika gazeti. Nilivila na kumdharau papo hapo, kwa sababu yaya aligusa ukuta kwa mkono mmoja, kama mtu anayebisha hodi. Sheria ya kifua ni mikono miwili kwa pamoja. Ukigusa kwa mmoja, timu nzima inatolewa.

"Yaya, mikono mbili!"

"Minajua, petit," akaniita mdogo wake kwa Kifaransa. "Siku ya kweli nitatia mbili."

"Siku ya kweli utatia ile ulizoea."

Alicheka, akanipa kitumbua kingine.

Tulipochaguliwa kwenda kwenye mashindano ya kimataifa, yale ya michezo mingi kwa pamoja, wenzangu waliota medali. Mimi si mjinga. Nilitaka muda wetu tu, uliopimwa kwa mashine na kuandikwa katika karatasi ya matokeo, ili kila mtu aone kwamba watu wanne kutoka kwenye maji ya chai walifika hadi mwisho bila kosa. Timu ikitolewa, haiandikiwi muda. Inaandikiwa herufi za kutolewa.

Huko maji yalikuwa safi kiasi kwamba niliona aibu kuyaingia. Wenzangu walipiga picha hadi mabomba ya kuogea. Makocha hawakuruhusiwa kukaribia ukingo, kwa hiyo Kocha alipandishwa kwenye viti vya watazamaji, na koti lake la suti. Nilifurahi. Nilijiambia: leo ni macho.

Wa mgongo alifika wa mwisho. Yaya akaingia. Nilipanda kwenye jukwaa la kurukia, nikakunja vidole vya miguu ukingoni, nikamwona anakuja, kila kitu wazi, hata kofia yake iliyoteleza. Sikuwa nikikadiria umbali. Nilikuwa nikimsubiri akosee. Mkono mmoja au miwili? Nilikwisha kuandaa maneno ya kumwambia.

Hapo watazamaji wa timu ya njia ya jirani wakapiga makofi.

Miguu yangu ikaondoka. Sikuiamuru. Hewani niliinamisha kichwa, na chini yangu nikamwona yaya akiteleza kuelekea ukuta. Mikono yake yote miwili ilikuwa mbele, imenyooka, imelingana. Ilikuwa bado haijafika.

Niliogelea kipepeo bora kuliko chochote nilichowahi kuogelea. Nakiri kwamba njia nzima nilijivunia.

Ubaoni, mbele ya jina la nchi yetu, zikatoka herufi. Kocha alishuka akihema.

"Ni nani?"

Yaya alijifuta uso kwa kiganja. "Itakuwa ni mi, Kocha. Sikumbuki kama nilitia mbili. Ni mi. Munisamehe, bandugu."

"Miaka mbili minakuambia!" Kocha alipaza sauti hadi watu wakageuka. "Hata mutoto mudogo anapokea mukate na mikono mbili! Weye, na ndevu yako!"

Wa mgongo akageukia ukuta. Wa nne akasema kwa sauti ya kusikika kwamba vitumbua njo vilimunenepesha.

Nilimshika yaya begani. "Haina neno, yaya," nikasema. Nililisema kwa upole, kama mtu anayesamehe.

Mchana karatasi ya matokeo ilibandikwa ukutani. Kocha aliitazama, akaona herufi zilezile, akaondoka. Mimi nilibaki. Pembeni mwa mstari wa mwogeleaji wa tatu kulikuwa na muda wa kuruka, na mbele yake alama ya kutoa ya hesabu: aliruka kabla ya mwenzake kugusa. Katika msafara wetu wote ni mimi peke yangu niliyeweza kuisoma, kwa sababu nilijifundisha. Niliisoma mara tatu, kisha nikaenda kula.

Tuliporudi, yaya alinisubiri kwenye lango la hoteli. Hakuwa na vitumbua.

"Petit, weye njo unajua. Unifundishe kugusa."

Ninamfundisha kila Jumamosi. Wengine wakishaondoka, anakuja kutoka upande wa pili, anapumua kwa taabu, anatokeza kwenye maji yale ya chai, na mikono yake miwili inapiga ukuta kwa pamoja, mbele ya viatu vyangu. Anainua uso.

"Vile?"

"Bado, yaya. Rudia."

Anageuka, anarudia.