Mjomba na Trekta Lililokula Oili

Mimi nina hasira za karibu, hilo sibishani na mtu. Mwaka ule trekta letu lilipoanza kula oili nilimgombeza kila aliyekatiza uani, kuku nao hawakusalimika.

Dereva wa trekta ni Mjomba, kaka wa marehemu mama yangu. Ameliendesha tangu mimi niko shule ya msingi. Ni mtu mwembamba, kofia ya sufi haimtoki kichwani, na maneno hana mpaka uguse habari za injini. Mkewe alipofariki hakuoa tena. Ukimtania juu ya hilo anakujibu kwamba mke anaye, amelala bandani na anakunywa dizeli. Kila asubuhi kabla ya chai huingia kwenye banda hilo la mabati, huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukifuta kwa kitambaa, hukirudisha, hukichomoa tena na kukiinua kwenye mwanga. Halafu hutangaza hukumu: tosha, au pungufu. Hakuna aliyewahi kukigusa kijiti kile baada yake. Kukipima tena ni sawa na kumwita muongo, na kwetu mtu mzima akishasema, amesema.

Basi, tulimwaga oili chakavu, nyeusi tii, tukaweka mpya. Tangu siku ile hukumu ikawa moja tu: pungufu. Mjomba anaongeza nusu lita. Kesho yake, pungufu. Anaongeza tena. Nikalala kifudifudi chini ya trekta na gauni langu zuri, nikaona matone mawili matatu tu. Sasa nusu lita inakwenda wapi?

Nikamshuku muuza oili. Nikaenda dukani nikafoka mbele ya wateja wake kwamba katuuzia uji. Yule baba, mpole wa kuudhi, akanionyesha kwamba oili ileile ndiyo anayoweka kwenye mashine yake ya kusaga, na mashine inanguruma vizuri. Nikaomba radhi, ingawa meno hayakuachana. Nikasema, kikulacho ki nguoni mwako, huenda mwizi ni wa hapahapa. Nikapiga kufuli banda, nikawa namfungulia Mjomba mwenyewe asubuhi. Kufuli halijaguswa, oili pungufu. Mume wangu akasema labda panya wanainywa. Sikumsemesha mpaka chakula cha jioni.

Kisha trekta likaanza kutoa moshi wa buluu, dalili kwamba injini inaunguza oili. Mume wangu akaleta neno la kuuza. Injini ikifunguliwa, alisema, vipuri vitachukua mwezi mzima na mvua haitatungoja; heri tuliuze likiwa bado linatembea, tukodi la watu. Kwa hesabu alikuwa sahihi. Lakini Mjomba alikuwa kizingitini, alisikia. Tangu siku ile akawa anabakiza chakula. Niliogopa sana. Bila trekta lile, mzee wangu angeamka asubuhi aende wapi?

Nikamwita fundi tunayemwita Bisibisi, kwa sababu huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akisikiliza kama daktari. Alimuuliza Mjomba hali ya oili kwa adabu zote, Mjomba akajibu pungufu, naye akalipokea jibu kama lilivyo. Alipoona bomba la kupumulia injini limelowa oili, akatikisa kichwa. Dalili ya mvua ni mawingu, akasema. Hizo ni ringi za pistoni, zimekwisha.

Akapima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine. Zote nzima. Akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akaweka kiganja juu: ringi zikiwa zimekufa pangetoka upepo wa kusukuma mkono, lakini hapakuwa na kitu. Akakuna kichwa. Akarudia yote tangu mwanzo. Nikamuuliza kama anajua kazi yake au anatubahatishia. Akaniambia kwa upole kwamba hata yeye sasa haelewi, na mimi hasira ikaniisha, maana fundi asiyeelewa anatisha kuliko fundi mjuaji.

Mwisho akasema amwage oili yote aipime kwa jagi. Injini ile inataka lita nane. Tukahesabu jagi kwa jagi: saba, nane, tisa, na bado inatoka. Zilikaribia kumi na mbili.

"Mama," Bisibisi akasema, "hii injini haina njaa. Imeshiba mpaka inatapika."

Sasa huo moshi ulikuwa wa shibe? Na iliwezekanaje kila asubuhi iwe pungufu?

Bisibisi alirudisha lita nane kamili za oili mpya, akaacha itulie, kisha akamwomba Mjomba, kwa heshima, apime. Mjomba akachomoa, akafuta, akarudisha, akachomoa, akainua kwenye mwanga.

"Pungufu," akasema.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Oili ilikuwa imefika alama ya juu, inang'aa, safi kama mafuta ya kupikia. Ile ya zamani nyeusi alikuwa akiiona. Hii nyeupe hakuwa akiiona kabisa. Hapo nikakumbuka nguzo ya lango aliyoigonga mwezi uliopita akalaumu usukani, na Bisibisi akaukagua asione kasoro. Nikamkumbuka na binti yangu, anayetembea mbele ya trekta lile kila msimu akiokota mawe.

Bisibisi aliinama kupanga spana ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Nilitaka kufoka, ndiyo kazi ninayoiweza, lakini safari hii nikajizuia. Nikapiga moyo konde.

"Mjomba," nikasema, "hapa niliposimama, unaniona?"

Alikipangusa kijiti polepole, akakirudisha mahali pake bila kukosea hata kidogo.

"Sauti yako naijua," akajibu. "Nilidhani inatosha."

Nikamwambia Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa macho, mimi na yeye, na trekta haliuzwi. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa trekta, akaninyooshea. Aliupeleka kulia kwangu, hewani, akangoja niupokee. Nikasogea mimi, taratibu asinisikie, mpaka kiganja changu kikawa chini ya ufunguo.