Beseni la Njegere

Kila mwezi wa saba, ukungu ukishuka mpaka mlangoni na sisi tumevaa masweta mawili mawili, Mzee Yeremia alipanda Mgeta kuja kumtukana baba yangu. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Yeye Mnyamwezi, baba Mluguru, watani tangu enzi za mababu. Walikutana wakiwa vijana kiwandani, Kihonda, wakalala chumba kimoja miaka minne. Baba akarudi mlimani kuoa. Yeremia akabaki kiwandani mpaka akastaafu, akajenga Kingolwira karibu na stesheni ya reli, akafuga mbuzi.

Mtani akija kwako ana ruhusa mbili: kukwambia lolote na kuchukua chochote, na wewe huna haki ya kununa. Mwaka mmoja Mzee Yeremia aliteka redio. Mwaka mwingine aliteka jogoo, akidai anamkomboa maskini yule kutoka kwa Waluguru, watu wanaofunga kuku kamba wasiporomoke bondeni. Baba alimwita mpagazi, akamuuliza babu yake alipata shilingi ngapi kubeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani.

Ukitaka kitu chako kirudi, unakigomboa. Si lazima utoe kitu cha thamani. Mama aliinua chochote kilichokuwa mkononi, kikombe cha togwa, kiazi, bakuli la njegere, akasema, "Nakigomboa," na mtani akaachia kwa makelele kana kwamba ameibiwa. Mama hakuwahi kuacha kitu kiende. Hata kigoda kilichobaki na miguu miwili alikigomboa, sisi tukicheka mpaka machozi.

Mama yangu, Magdalena, alifariki mwaka juzi mwezi wa sita.

Sasa lazima niseme habari ya ardhi, maana bila hiyo hamtanielewa, na mkishanielewa huenda msinipende. Kwetu shamba ni la ukoo wa mama. Mwanamume akioa anahamia kwa mkewe na kulima ardhi ya watu. Mke akifa, ardhi inarudi kwa wenyewe. Baba yangu, Severin, alilima mteremko ule miaka thelathini na minne. Mawe yote yanayoshikilia zile ngazi za shamba la kabichi aliyabeba yeye kutoka mtoni, moja moja, begani. Hakuna hata moja lililokuwa lake. Alilijua hilo siku anaoa, na sikumsikia akilalamika.

Mjomba Alois, kaka yake mama, ndiye msimamizi wa ardhi ya ukoo. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Baada ya mazishi alituketisha akasema, "Shemeji akae mpaka misa ya mwaka. Baada ya hapo shamba ni la Grace. Grace akirudi kulima, baba yake atakaa kwa binti yake, nani atamwondoa? Asiporudi, tutampa binti wa mama yake mdogo, naye ana mume na watoto sita. Nafasi ya shemeji haitakuwepo."

Grace ni mimi. Mama alizaa mara tatu nikabaki peke yangu. Kwa hiyo neno lilikuwa moja, na lilikuwa langu.

Naishi Kihonda. Ni fundi cherehani, nina vyumba viwili vya kupanga, watoto wawili, na mume, Abel, anayechomelea mageti. Mama mkwe analala na watoto, hakuna pa kumweka mzee mwingine. Nilipomweleza Abel habari za shamba alisema, "Nenda wewe ukitaka. Mimi sipandi mlima kwenda kuishi kwa wakwe." Nikalishika neno lake hapo hapo. Mwaka mzima kila aliyeniuliza nilimwambia Abel ndiye anayekataa. Uongo. Abel ningemshinda, nimeshamshinda kwa makubwa zaidi. Ukweli ni kwamba mteremko ule niliuchukia tangu nina miaka saba, nikiteremka alfajiri na kabichi kichwani kuwahi lori la Dar, vidole vya miguu havina hisia kwa baridi. Niliukimbia, nikaapa sirudi.

Misa ya mwaka ikaisha. Nikamwomba Mjomba aningoje mpaka mgeni wa baba aondoke, akakubali. Nikachukua watoto likizo, nikapanda. Mzee Yeremia aliingia Jumatatu, sukari kwapani, fimbo mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Huyu Mluguru hajafa tu? Nimeacha mbuzi wangu nije kumzika, kumbe ananipotezea nauli!"

Nilishtuka, maana kaburi la mama lilikuwa pale pale nyuma ya jiko. Baba akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akicheka, na nilisimama na chungu mkononi nikiomba asinyamaze. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema.

Na kweli ilikuwa wiki nzuri, ndiyo maana inaniuma. Tulichoma viazi majivuni. Watoto walifundishwa matusi ya Kinyamwezi. Wazee wale walishinda shambani, baba akimwonyesha mwenzake ngazi moja baada ya nyingine: hii ililiwa na maji mwaka wa mvua kubwa, hii Magdalena aliijenga akiwa na mimba ya Grace. Mzee Yeremia alimtukana kwa kila ngazi, na jioni alinigeukia mimi, Mluguru niliyeporomoka mpaka Kihonda kwa kukosa kamba.

Jumatano nilimkuta baba anapanda miche ya kabichi. Kabichi huchukua miezi mitatu. Sisi tulikuwa na siku nne mpaka Mjomba aje kuchukua jibu.

"Baba, hizi unampandia nani?"

"Zitashika tu," alisema, akaendelea kufukia.

Alhamisi aliniita chumbani kwa mama. Alikuwa amehamisha kitanda na kufagia kona ya dirishani, akaweka meza ndogo aliyoipigilia misumari mwenyewe. "Cherehani ingekaa hapa," alisema. "Mwanga unatosha mpaka saa kumi na moja." Akatoka kabla sijajibu. Hayo ndiyo maombi pekee aliyowahi kuniomba, na hakuniomba.

Nilikaa kwenye kile kitanda nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye kwa kutonipigia magoti, nikamkasirikia mama kwa kufa, nikaukasirikia ukoo wote na ardhi yake. Usiku sikulala, Ijumaa sikula. Mara nilijiona nikilima, kabichi kichwani. Mara nilimwona baba barabarani na mfuko wake.

Jumapili baada ya misa Mjomba Alois akaja. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uani namenya njegere, beseni mapajani. Baba alikuwa kwenye kile kigoda cha miguu miwili, ambacho siku hizi kina mitatu. Mzee Yeremia alisimama mlangoni, begi lake limeshafungwa.

"Grace, mwanangu," Mjomba alisema taratibu, "ukoo unasubiri."

Baba hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

"Mjomba," nilianza, "watoto wanasoma..." Nikasema tena, "Watoto wanasoma, Mjomba." Baba akainamisha kichwa na kuanza kuondoa udongo uliokauka kwenye kucha.

Hapo Mzee Yeremia akapiga fimbo chini. "Jamani! Wiki nzima sijateka kitu! Mmeniona mimi mzee, nimesahau kazi yangu?" Akamshika baba ukosi wa shati, akamnyanyua. "Nachukua hiki. Kimechakaa lakini kitachunga mbuzi."

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Mjomba naye akacheka, kwa mazoea. Mimi nilijua anafanya nini. Alikuwa ananiondolea jibu mdomoni, ili isije kusemwa kwamba Severin alifukuzwa na ukoo, wala kwamba alikataliwa na mwanawe. Itasemwa alitekwa na mtani.

Lakini utani una sheria zake, na yeye alizifuata. Alifika naye katikati ya uwanja, akageuka.

"Haya," alisema. "Nani anamgomboa?"

Mdomo wake ulicheka, macho hayakucheka. Alinitazama mimi. Akasubiri.

Beseni lilikuwa mapajani kwangu, limejaa. Kilichotakiwa ni kuliinua. Neno moja, lile alilolisema mama kila mwaka kwa ajili ya redio na kuku, na baba angerudi kukaa kwenye kigoda chake mpaka kufa. Mjomba aliacha kucheka akanitazama. Watoto walinitazama, wakidhani ni zamu yangu kwenye mchezo. Baba peke yake alitazama kando, kule kwenye kabichi, akitabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Nikainamia njegere. Kidole gumba changu kikapasua ganda moja, nikapasua jingine.

"Hakuna mgomboaji?" Mzee Yeremia aliuliza tena, sasa kwa sauti ya chini.

"Twende, Mnyamwezi," baba alisema. "Una makelele mengi, utakosa gari." Hata hapo aliniokoa.

Alikusanya vitu vyake kwa muda mfupi sana. Akaenda nyuma ya jiko, akakaa kidogo, akarudi. Watoto wakamuaga, akawashika vichwa. Mzee Yeremia alijitwika mfuko wa baba kichwani, na wakishuka njia nilimsikia baba akisema, "Leo mpagazi umepata mzigo." Wote wawili wakacheka. Nilikaa pale mpaka vicheko vyao vikamezwa na ukungu.

Hayo ni ya mwaka jana. Baba yuko Kingolwira, anachunga mbuzi, na nyuma ya nyumba amepanda kabichi ambazo kwenye joto lile hazifungi vichwa. Kila Jumapili namtembelea. Nanunua njegere za Mgeta sokoni, nampelekea kwenye beseni lile lile. Baba anapokea kwa mikono miwili, ananishukuru, anampa mke wa Mzee Yeremia akapike. Anauliza habari za watoto na cherehani. Hajanilaumu hata siku moja.

Mzee Yeremia ananiitikia marahaba vizuri. Ananikaribisha kiti, ananiuliza hali ya barabara, ananishukuru kwa kuja. Ananiheshimu kama mgeni. Tangu siku ile hajanitania tena.