Sindano ya Pili na Baba Mkwe

Mimi ni Mhehe niliyeolewa Unyakyusani, tena baba mkwe wangu ni mzee wa zamani kwelikweli. Kwao mke wa mtoto na baba wa mume hawaonani. Hamkai chumba kimoja, hamtazamani, hamsemeshani. Akitokea huku, wewe unapita kule, hata kama kule ni kwenye mtaro. Miaka saba nimeingia mitaroni kwa heshima zote.

Sasa mwaka huu, hapa Iringa, mtoto wa jirani akageuka macho ya njano. Homa ya ini aina ya A, tukaambiwa. Jamani, nilichanganyikiwa, maana binti yangu wa miaka mitano anashinda naye, wanachangia hadi muwa. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba chanjo yake ya homa hiyo ni sindano mbili, na alipata moja tu tulipokuwa tunakaa Mbeya. Ya pili ilitakiwa baada ya miezi sita. Miezi ikafika tukiwa tunafunga mizigo ya kuhamia huku, nikasahau. Mama mzima! Nilijitukana siku mbili.

Kadi yake ya chanjo ilibaki kwa baba mkwe, ambaye hutunza kila karatasi ya ukoo kwenye sanduku lake la bati. Mume wangu akampigia simu kumwomba aipige picha aitume.

"Kadi ya mjukuu wangu haitumwi hivyo," mzee akajibu. "Naileta mwenyewe."

Akapanda basi la alfajiri. Na mume wangu siku hiyo yuko kazini kiwandani Mgololo, hana ruhusa. Mchana tukakutana kliniki, mzee, mimi, na mtoto katikati. Nikajifunika kanga gubigubi nikageukia ukuta.

"Kamwene mzee, karibuni wote ndani," nesi akaita, akianza na salamu yetu ya Kihehe.

Wote! Niliganda pale pale. Mzee akamshika mjukuu wake mkono, wakaingia. Mimi nikajibana nje, nyuma ya mlango uliobaki wazi nusu. Nesi aliipokea kadi kwa furaha.

"Hatuanzi upya," akasema. "Hata miaka ikipita, tunaendelea na ya pili. Ila hajaipata kokote hapa Iringa?"

"Kamuulize mama yako," mzee akamwambia mtoto.

Akaja mbio. Nikamnong'oneza, "Mwambie babu bado." Akarudi ndani, akaiona sindano mezani, akili ikamkaa sawa.

"Mama anasema nilishachomwa."

Mungu wangu!

"Wapi?" nesi akauliza.

"Hapa." Nilimchungulia mtoto kwenye upenyo, anaonyesha bega, pale alipoumwa na mbu wiki ile.

"Eee, kweli, kaalama kapo," babu akathibitisha, anajivunia macho yake.

Nikakohoa. Nikagonga mlango. "Mama, subiri zamu yako!" nesi akanikemea, akidhani ni mgonjwa mwingine. Nikapitisha mkono mlangoni nikapunga, bangili zikalia, wapi! Kicheko kikanibana, hofu nayo ikanibana, wanawake wa kwenye benchi wakaanza kuwasogeza watoto wao mbali na mimi.

"Basi naandika amemaliza," nesi akasema.

Akilini nikayaona macho ya njano ya mtoto wa jirani, halafu nikayaona usoni kwa wangu.

"Hajachomwa!" Nilipiga yowe la kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. "Baba, anadanganya! Hajachomwa!"

Kliniki nzima ikanigeukia. Nikajiziba mdomo, lakini maneno yalishatoka. Miaka saba, na neno langu la kwanza kwa baba mkwe ndiyo hilo, bila hata salamu.

"Shikamoo," nikaongeza kwa sauti ndogo.

Mtoto ndiye aliyejibu, kwa kujitupa sakafuni na kukumbatia mguu wa meza, analia kama anachinjwa. Nesi akamvuta, akashindwa. Nilisimama pale nje, nawaza nimeuharibu ukoo wa watu na mtoto bado hajachanjwa.

Kisha nikasikia, "Marahaba. Mkwe, ingia. Shika mkono wa huku, mimi nashika huu."

Nikaingia kinyumenyume. Yeye akatazama dirishani, mimi nikatazama bango la unyonyeshaji ukutani, katikati yetu mateke yanaruka, na nesi amecheka mpaka anafuta machozi kwa mkono wa koti. Sindano ikaingia. Mtoto akalia kidogo, akanyamaza, akauliza kama kuna pipi.

"Ndaga. Asante," mzee akasema, bado yuko dirishani. "Ungenyamaza, mwanangu, ningemrudisha nyumbani hivi hivi."

Siku zote nilijua akija kunisemesha atanguruma. Sauti ilimtetemeka kuliko yangu.