Nimezima umeme wa karakana, nikaambiwa "pole mzee"

Leo nimezima umeme wa karakana nzima ya chuo.

Hakuna aliyenifokea. Afadhali wangenifokea.

Mnajua kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti kilipata mwekezaji, sisi makarani tukapunguzwa. Nikaamua kusomea uhandisi wa umeme, na mvi zangu hizi.

Wenzangu darasani ni rika la mwanangu wa mwisho.

Nikiingia tu, "Shikamoo mzee!" Kiti naachiwa. Mkoba nabebewa.

Sasa leo ilikuwa zamu yangu kuunganisha nyaya kwenye ubao wa majaribio. Kundi zima limenizunguka, kimya, kama wako kanisani.

Nikajua nimepatia.

Nikawasha.

Paa! Taa zikazimika, feni zikasimama, mashine zote kimya.

"Pole mzee," wakasema kwa pamoja.

Nikamgeukia Neema, kiongozi wa kundi letu. "Mwanangu, uliona nakosea?"

"Niliona, mzee. Wote tuliona."

"Sasa mbona hamkusema?"

Akainamisha kichwa. "Tungeanzaje kukukosoa, mzee?"

Jamani.

Muhula mzima nimekuwa nikirudi nyumbani Unyambwa nikimtambia mke wangu kwamba darasani hakuna anayenikosoa.

Nimechoka, wala si kwa masomo. Mtihani uko mbele, na sijui ni mangapi mengine nimekosea wakaninyamazia.

Mngekuwa nyie, mngesema? Nijibuni ukweli.

Shikamoo nimeshapewa za kutosha.